Beleshi la Chicago, Tuta la Houston

Chicago
Jumatano, 12 Januari 2022

Mdogo wangu Delphine,

Nakuandikia kwa sababu simu imenishinda. Vile vidude vya kusikia nilivyowekewa masikioni hupiga filimbi kila nikiinua simu. Mara ya mwisho mimi nilipiga kelele, wewe ukapiga kelele, tukaachana kama watu waliogombana. Karatasi haina filimbi.

Jambo lenyewe ni hili. Wifi yako Imogene ana miaka minne na miezi minne kaburini, na nyumba hii ya matofali ina mtu mmoja. Mwalimu mmoja, Bwana Whitfield, anataka kuinunua. Nimemwomba anipe hadi katikati ya Februari. Wewe umesema mara tatu sasa kwamba huko Houston una chumba changu. Sijakataa wala sijakubali. Nimechukua ukurasa nikaupiga mstari katikati: kushoto Chicago, kulia Houston. Kushoto najaza mwenyewe, maana nimesoma mita za gesi za mji huu miaka thelathini na mmoja na nimeingia karibu kila chumba cha chini ya nyumba zake. Kulia ujaze wewe. Umeishi huko miaka ishirini na minne. Niandikie ukweli, unipendeze usinipendeze.

Nianze na upande wangu. Juzi theluji ilishuka. Nilishika beleshi saa mbili kamili, nikamaliza nafasi ya gari saa nne na dakika kumi, nikaweka kiti cha jikoni kama kawaida, kuonyesha nafasi ina mwenyewe, na kwenda dukani. Niliporudi, kiti kilikuwa kimetupwa kando na gari la mtu limekaa pale. Dunbar wa ng'ambo ya barabara alikuwa amesimama mlangoni kwake.

"Ni yule kijana mpya wa nyumba ya kona," akaniambia. "Hajui desturi."

"Basi mwambie."

"Nitamwambia. Ngoja nichukue ndoo ya maji."

Delphine, kulipokucha gari la yule kijana lilikuwa donge la barafu toka juu hadi matairini. Alikuja kunigongea, mwekundu kama nyanya: "Mzee, nani kafanya hivi?" Nikamwambia, "Baridi." Jana amenunua kiti chake mwenyewe.

Ndiyo Chicago. Basi la pale kona hupita kila dakika kumi na mbili, ziwa halijafika mlangoni kwa mtu, na pizza hukatwa vipande vya mraba kama inavyotakiwa.

Sasa nijibu: joto likoje? Mzee anaweza kutembea kwa miguu hadi dukani? Ule umeme uliokatika mwaka jana ulikatika siku ngapi? Na swali kubwa ni maji. Nasikia huko mvua ikinyesha mji unakuwa bakuli. Nyumba yako iko kwenye eneo la mafuriko? Ndiyo au hapana.

Kaka yako,
Roscoe Tillery

~

Houston
20 Januari 2022

Kaka, Mzee wa Madaftari,

Nimesoma habari za kiti nikacheka peke yangu jikoni. Watu wazima wenye wajukuu wanalinda kipande cha barabara ya serikali kwa kiti! Na huyo Dunbar mwenye ndoo ndiye shemasi wa kanisa?

Haya, shika kalamu ujaze upande wangu.

Wiki iliyopita nilikunywa kahawa nje nikiwa na ndara. Januari! Joto lipo, siwezi kukuficha. Kuanzia Juni hadi Septemba tunatoka asubuhi mapema, kisha tunajificha ndani kwenye viyoyozi kama panya, na ukishika usukani wa gari bila kitambaa unaacha ngozi. Kutembea kwa miguu hadi dukani, sahau. Hapa mtu akionekana anatembea, watu wanasimamisha gari kumuuliza limeharibikia wapi. Na huu mji haukupangwa na mtu yeyote. Kando ya kanisa letu kuna fundi wa matairi, kando ya fundi kuna duka la nguo za harusi, kando ya nguo za harusi mtu amejenga kwake na anafuga kuku. Lakini watu ni wema, Kaka. Wanasalimia. Na kila Ijumaa ya Kwaresima jirani yangu Bwana Quang huchemsha kamba wa mtoni kwa pilipili na viungo vyake vya Kivietinamu. Marehemu mume wangu Alcide, pamoja na Ulouisiana wake wote, alikiri kabla hajafa kwamba wale kamba ni bora kuliko wa mama yake.

Umeme: siku tatu. Nililala na makoti matatu na soksi za marehemu. Umeona? Sikufichi kitu.

Maji: hapana. Ramani ya serikali haituweki kwenye eneo la mafuriko. Ndiyo maana tulipokopa kununua, benki haikutudai bima ya mafuriko. Nyuma ya mtaa wetu ni nyika tupu yenye kulungu na viwanja vya mpira, na mbele yake kuna tuta refu la udongo lililoota nyasi, watu hukimbia juu yake asubuhi. Utapapenda. Utakuwa unaandika idadi ya kulungu.

Chumba chako kina dirisha la mashariki.

Mdogo wako,
Delphine Broussard

~

Chicago
Jumatatu, 7 Februari 2022

Delphine,

Uniwie radhi kwa mwandiko. Niliteleza Jumatano nikaumia kiganja. Si kitu.

Nimeusoma ukurasa wangu mara nyingi, na upande wa kulia unaniridhisha. Naelekea kumkubalia Whitfield. Sijatia sahihi bado.

Kama nitakuja, sitaki kubeba vitu viwili vya kazi moja. Naomba orodha ya vitu vikubwa vya nyumbani kwako, na mwaka ulionunua kila kimoja, ili tuone kipi chako kimechoka na kipi changu kinafaa kuchukua nafasi yake. Nami nimefanya hivyo hivyo hapa: friji 2009, jiko 1998, kitanda 1987, sofa ya Imogene 1993, kabati la vyombo alilotuachia Mama.

Pia itoe ile picha ya Mama akiwa kwenye ngazi na kofia ya Pasaka, niliyokupa ulipohama. Nataka itolewe nakala.

Roscoe

~

Houston
12 Februari 2022

Kaka wangu,

Nimesoma "naelekea kumkubalia" nikakaa chini kwanza. Kisha nikainuka nikamwambia Bwana Quang juu ya ua, "Kaka yangu anakuja!" Akasema, "Yule wa kiti?" Habari zako zimeshafika mtaa mzima. Sikujua kwamba barua moja yangu ina nguvu kiasi hicho. Miaka yote hukusikia la mtu kuhusu Chicago, leo kahawa moja na ndara vimekushinda?

Pole na kiganja. Weka maji ya moto na chumvi.

Orodha yako nimeitengeneza vizuri ili usinisumbue. Risiti zote ziko ndani ya bahasha moja, nimenakili tu:

Friji, 2017. Jiko, 2017. Mashine ya kufulia na ya kukaushia, 2017. Kitanda changu, 2017. Kitanda cha chumba chako, 2018. Sofa, 2017. Meza ya kulia na viti sita, 2017. Makabati ya jikoni, 2017. Milango ya ndani, 2017. Runinga, 2017. Gari, 2017. Sufuria nzito ya chuma ya Mama, ile ya mkate wa mahindi, unaijua mwaka wake kuliko mimi.

Basi njoo na nguo na madaftari yako. Kila kitu changu ni kizima.

Picha nitaitafuta.

Delphine

~

Chicago
Jumanne, 22 Februari 2022
Kwa barua ya haraka

Delphine,

Naandika taratibu, kwa sababu nataka kila neno lisomeke.

Ijumaa tarehe 18, saa tisa alasiri, nilitia sahihi. Whitfield alitia pia, tukapeana mikono. Kwa desturi ya hapa, wakili wa kila upande ana siku tano za kazi kuupitia mkataba, na ndani ya siku hizo mtu anaweza kujitoa bila kulipa kitu. Jana ilikuwa sikukuu, haihesabiwi. Siku yangu ya mwisho ni Jumatatu tarehe 28, saa kumi na moja jioni. Baada ya hapo nyumba hii si yangu.

Leo asubuhi nilichukua orodha yako nipange mizigo. Nilikuwa nimeisoma mara ya kwanza kama mtu anayesoma barua. Leo niliisoma kama mtu anayesoma mita.

Friji 2017. Jiko 2017. Kitanda, sofa, meza, viti. Milango, Delphine. Nani hununua milango ya ndani? Na gari. Nyumba nzima ilizaliwa mwaka mmoja. Kilichobaki cha zamani ni sufuria ya chuma, kitu pekee ambacho maji hayawezi kukila. Na picha ya Mama, eti "nitaitafuta".

Nililitoa daftari la 2017. Nakunakilia kama lilivyo:

"Jumapili 27 Agosti. Imogene amefariki saa 12:40 asubuhi. Nimeshika mkono wake."

"Alhamisi 31 Agosti. Delphine amepiga simu, namba siijui. Nimemuuliza kuhusu tufani ya huko. Amesema ni mvua tu. Nimemuuliza anakuja lini. Amesema hospitali anakofanya kazi imejaa na kitengo chao cha kufua nguo hakimwachii mtu."

"Jumamosi 2 Septemba. Tumemzika Imogene. Watu 140. Delphine hakuja."

Na chini ya hapo nimeandika sentensi moja kuhusu wewe na mashuka ya hospitali, ambayo sitainakili.

Ulikuwa wapi tarehe 2 Septemba?

Nijibu siku hiyo hiyo utakayopata barua. Usipige simu, sitasikia.

Roscoe

~

Houston
23 Februari 2022
Kwa barua ya haraka

Kaka,

Aliyeleta barua bado yuko mwisho wa barabara nami nimeshakaa mezani. Nilipofika kwenye "milango" nilijua nimejifichua. Miaka minne na nusu naficha, kisha nimekuandikia kila kitu mwenyewe, kwa mkono wangu, nikajisifu na risiti.

Tarehe 2 Septemba nilikuwa nimelala chini, kwenye uwanja wa ndani wa mpira wa kikapu wa shule fulani, mimi na watu mia nne, nimevaa fulana ya kupewa iliyoandikwa jina la timu nisiyoijua. Hapakuwa na ndege. Barabara ya kutoka kwetu ilikuwa chini ya maji. Simu niliyokupigia ilikuwa ya mama mmoja, na nyuma yangu palikuwa na foleni.

Nilikuwa nimeshafungua mdomo nikuambie. Ukasema, "Nimewapa gauni la bluu wamvalishe, ndilo alilolipenda?" Kaka, ningekuambiaje? Wifi yangu yuko ndani ya sanduku, wewe unaniuliza gauni. Nikasema ndiyo, la bluu. Ukauliza nakuja lini, na neno la kwanza lililotoka likawa hospitali.

Nikueleze maji yalivyokuja. Mvua ilikuwa inaisha. Niliona anga jeupe nikasema tumepona, nikafungua mlango wa nyuma niangalie kulungu. Pale penye viwanja vya mpira palikuwa bahari, na ilikuwa inakuja. Haikuwa na haraka. Ilipanda polepole hivi, kama mtu anayejaza beseni. Bwana Quang akaja na mashua yake ya kuvulia samaki mpaka kwenye kibaraza changu.

"Mama Delphine, panda!"

"Mbona mvua imekatika na maji yanapanda?"

"Sijui. Panda!"

"Ngoja nichukue picha."

"Picha gani? Panda, mama!"

Nikapanda. Picha ikabaki. Maji yalikaa ndani siku kumi na mbili, hadi hapa kiunoni.

Pale uwanjani alikuja bwana mmoja na ramani kubwa. Nikamwonyesha mtaa wetu. Akaniangalia kwa huruma. "Mama, nyumba yako iko ndani ya bwawa."

"Bwawa lipi? Kwetu hakuna bwawa."

"Hilo lenye kulungu."

Ile nyika yote, Kaka, pamoja na viwanja na mtaa wetu na mitaa mingine minne, ni tumbo la bwawa. Lile tuta ni ukuta wake. Walilijenga zamani za babu zetu ili mvua kubwa ikija maji yashikwe huku, katikati ya mji pasizame. Miaka mingine yote ni kavu, kwa hiyo watu wakajenga ndani na watu kama sisi tukanunua. Nilikwenda kuutafuta mchoro wa viwanja. Chini kabisa kuna mstari mmoja wa herufi ndogo kama mbegu za ufuta: sehemu ya ardhi hii inaweza kufunikwa na maji. Miaka kumi na tisa nilimwagilia maua ndani ya bwawa. Na ramani ya mafuriko haitutaji, hilo sikukudanganya. Ndivyo nilivyodanganya, kwa jambo la kweli.

Usidhani sikujaribu. Tarehe 9 Oktoba mwaka ule ule nilikuandikia kurasa sita kutoka hoteli ndogo ya barabarani niliyokuwa nakaa. Ilirudi. Haikufunguliwa. Juu yake palikuwa na mwandiko wako: Arudishiwe aliyetuma. Naiweka humu ndani ya bahasha uione. Sikuwa na nguvu ya kuituma mara ya pili. Ulipoanza kunisemesha tena baada ya miaka miwili, niliogopa kukumbusha.

Kwa nini nilikuita uje, nikijua? Nilitaka mtu ndani ya nyumba. Sina sababu nyingine. Nilijiambia mvua ile huja mara moja katika maisha. Sasa umetia sahihi, na kama si milango ile ningekuja kukupokea nikicheka.

Mwambie wakili akutoe kwenye mkataba. Tafadhali, Kaka.

Delphine

~

Chicago
Ijumaa, 25 Februari 2022
Kwa barua ya haraka

Delphine,

Bahasha yako ilifika jana saa tano. Niliiona ile ya ndani kabla sijasoma yako. Mwandiko ni wangu. Herufi zangu kubwa, kalamu yangu nyeusi.

Nililirudia daftari. Tarehe 9, 10, 11, hadi mwisho wa Oktoba 2017. Nimeandika bei ya maziwa. Nimeandika kwamba Dunbar aliazima ngazi. Kurudisha barua yako sikuandika. Miaka hamsini naamini kwamba kilichotokea kiko humu ndani, na hiki sikukiweka. Nilijua ninachofanya ni kibaya, nikakiacha nje ya hesabu. Nimekaa na jambo hilo tangu jana na bado sijalizoea.

Nimezifungua kurasa zako sita. Umeandika kwamba wakati watu wanaimba hapa kanisani, wewe uliimba ule wimbo wa pili peke yako pale uwanjani, kwa sababu ulikuwa unajua saa ya mazishi, na mama wa simu akakuitikia. Watu 140 niliandika. Mlikuwa 142.

Sasa la kwangu, maana umesema ukweli na mimi bado.

Sikuteleza. Jumatano tarehe 2, theluji ilikuwa hadi magotini. Nilisafisha nafasi, nikaweka kiti, na nikiwa nakiweka kifua kikabana. Nikaanguka nyuma ya kiti, kati ya marundo mawili ya theluji. Sauti haikutoka. Saa yangu ilikuwa mbele ya macho: saa nne na dakika tano. Gari la kwanza likaja polepole, likasimama. Nikasema, nimeonekana. Dereva aliangalia kiti, akaona nafasi ina mwenyewe, akaondoka. La pili vivyo hivyo. La tatu, mtu aliteremsha hata kioo. Delphine, walikiheshimu kiti. Hakuna aliyetazama nyuma yake. Dunbar alinikuta saa nne na dakika arobaini na tano.

"Roscoe! Unafanya nini hapo chini?"

Nilitaka kumjibu kitu cha kuchekesha nikashindwa, ndipo naye akaogopa.

Daktari amesema moyo umepata mshtuko mdogo. Siku tatu hospitali. Kiganja nilikivunja nikianguka. Kwa hiyo haikuwa kahawa wala ndara. Nilikuwa naikimbia theluji, nawe unaniita bwawani.

Leo saa tatu nilikwenda kwa wakili nikajitoa. Whitfield alikuwa muungwana. Aliuliza, "Umebadili mawazo kuhusu Houston?" Nikamwambia ndiyo.

Nimeupitia upya ule ukurasa wenye mstari katikati. Upande wa kushoto, kilichokaribia kuniua ni kuwa peke yangu nikiwa na beleshi. Upande wa kulia, ni ardhi yenyewe chini ya kitanda. La kushoto linatibika mtu mmoja zaidi akiwa ndani ya nyumba. La kulia halitibiki hata tukiwa kumi.

Njoo wewe. Chumba cha mbele, kile Imogene alichokuwa akishonea. Uza hiyo nyumba au ifunge, lakini usiingie msimu mwingine wa tufani ndani yake.

Na unisamehe ile bahasha. Kwenye daftari la leo nimeiandika, na tarehe yake.

Roscoe

~

Houston
2 Machi 2022

Roscoe,

Dakika arobaini! Nawe ukaniandikia "si kitu", mimi nikakushauri maji ya chumvi!

Nimeitupa barua yako chini, nimeiokota, nimeisoma tena, nimeitupa tena. Wewe na magari yako matatu. Ungekufa pale nyuma ya kiti, na watu wangeendelea kupita kwa adabu hadi jioni. Na mimi ningeambiwa na nani? Na Dunbar mwenye ndoo?

Sikiliza sasa. Usiguse beleshi. Mpe yule kijana wa kona, ana deni la heshima na wewe. Kula dawa zako. Kuhusu bahasha, nilikusamehe nilipokuwa naiweka kwenye bahasha nyingine, vinginevyo ningekutumia majivu yake.

Kuhusu kuja, nina hofu. Nina miaka sitini na mitano, na kosa la mwisho la nyumba nililikalia miaka kumi na tisa bila kujua. Lakini juzi mvua ilinyesha kidogo tu, mvua ya kawaida, nikajikuta nimesimama mlangoni nimevaa viatu, mkoba mkononi. Sikukumbuka nimevaa saa ngapi. Bwana Quang alikuwa amesimama kwake vile vile. Tulitazamana.

Nimemwita dalali.

Delphine

~

Houston
Jumamosi, 7 Mei 2022

Kaka,

Imeuzwa. Nikueleze, maana bado nimeduwaa.

Siku hizi muuzaji hujaza fomu, na ndani yake kuna swali lililokuja baada ya tufani ile: nyumba iko ndani ya bwawa, ndiyo au hapana? Dalali alinisogezea kalamu. Nikaweka alama kwenye ndiyo. Na pale wanapouliza kama maji yamewahi kuingia, nikaandika siku kumi na mbili, kiunoni.

Wiki mbili watu walikuja, wakasoma fomu, wakaacha hata juisi niliyowamiminia. Kisha walikuja mume na mke, vijana, Bwana na Bibi Escamilla, na mtoto mchanga. Sikutaka waisome tu kwenye karatasi. Niliwapakia kwenye gari pamoja na dalali nikawapeleka hadi juu ya tuta. Nikawaambia, "Hapa tuliposimama ni ukuta. Kule mbali kwenye majengo marefu ni nje. Nyumba mnayoitaka ni kule, ndani." Nikawaonyesha kwa mkono maji yalikopita. Nikamwonyesha mke kiuno changu.

Mke alimhamishia mtoto bega la pili, akauliza, "Yalikupa muda wa kutoka?"

"Yalinipa. Mtu wa mashua ndiye aliyenitoa."

"Bado yupo?"

"Yupo, nyumba ya pili."

Akamwangalia mume wake. Mume akasema, "Tunaichukua."

Nilidhani hawakunielewa. Nikaanza tena mwanzo, kwa sauti kubwa, kama ninavyoongea na wewe. Yule mke akanishika mkono. "Tumekuelewa, mama. Kwenye nyumba za kupanga tumehamishwa mara tatu kwa miaka miwili, na kila mahali tuliambiwa hakuna tatizo. Wewe ndiye wa kwanza kutuambia tatizo lilipo. Tutachukua bima kwanza, na mashua."

Kaka, nilikaa kwenye nyasi. Nilimwambia asinunue. Nilimwambia kabisa, mbele ya dalali, na dalali akaangalia mawingu. Wamenunua. Jana walipima dirisha la mashariki kwa ajili ya kitanda cha mtoto. Nimewapa funguo, na Bwana Quang ameshawaonyesha mashua ilipo na jinsi ya kuiwasha. Sina jingine la kufanya. Nililokuwa nalo la kuwapa ni lile nililokunyima wewe.

Mizigo ni masanduku mawili. Naja kwa treni, kwa sababu nataka kuona umbali wote. Nitafika Jumamosi tarehe 14 saa nane mchana. Simama mbele, mahali ninapoweza kukuona, usijifanye unajua kona za stesheni. Dunbar aje na gari, wewe usiendeshe.

Usinijibu barua hii. Haitanikuta hapa.

Delphine